Timu Inayojengwa Upya Isipimwe kwa Vipigo Peke Yake



Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe dukuduku langu kuhusu timu za mpira wa kikapu za vyuo vyetu, na hasa desturi hii ya kuzivunja au kuzinyima fedha mara tu zinapofanya vibaya msimu mmoja. Mimi si kocha wala kiongozi wa chama chochote cha michezo. Ni mwalimu mstaafu ambaye hukaa kwenye meza pembeni ya uwanja nikiandika pointi na faulo za timu ya chuo kimoja cha hapa mkoani, kazi ninayoifanya kwa kujitolea. Jina la chuo sitalitaja, kwani nia yangu si kumchongea mtu.

Msimu uliopita timu yetu ilifungwa karibu mechi zote. Wachezaji waliokuwa nguzo walimaliza masomo kwa mkupuo mmoja, wakavaa majoho, wakapigwa picha na wazazi wao, wakaenda zao. Walioachwa ni vijana wa mwaka wa kwanza na wa pili, na wengine wao walikuja chuoni wakiujua mpira wa miguu tu. Sasa tumesikia kwamba kamati inayohusika inakusudia kuziondoa fedha za usafiri wa timu na kumwambia kocha, ambaye naye hajalipwa hata senti moja, kwamba ahsante, tumetosheka na huduma yako. Hoja yao ni moja tu: matokeo hayaonyeshi maendeleo. Mimi nasema maendeleo yapo, ila yanatafutwa mahali pasipo pake. Na kabla sijaeleza ya kwetu, ningependa wahusika wakumbuke habari ya timu moja ya ng'ambo ambayo inamgusa kijana wetu wenyewe.

Wasomaji wengi wanamfahamu Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, ambaye Juni 2009 alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, akawa Mtanzania wa kwanza kuingia katika ligi hiyo. Siku ile tulishangilia sana, na ilistahili. Lakini ni wachache wanaojua timu ya chuo aliyotokea ilikuwa katika hali gani siku alipopokelewa.

Chuo chenyewe ni Chuo Kikuu cha Connecticut, huko kaskazini mashariki mwa Marekani. Mwaka 2006 timu yake ilishinda mechi 30 na kupoteza 4. Ulipokwisha msimu, wachezaji wake watano waliteuliwa na timu za NBA kwa siku moja, wanne kati yao wakiwa katika mzunguko wa kwanza wa uteuzi. Hebu fikiri, ndugu msomaji: nyumba imeng'olewa nguzo tano usiku mmoja. Kocha Jim Calhoun, mtu aliyekwisha kutwaa ubingwa wa taifa wa vyuo mara mbili, mwaka 1999 na 2004, akajikuta anaanza msimu wa 2006/07 na wachezaji wanane wa mwaka wa kwanza. Thabeet alikuwa mmoja wao. Huyu alianza kuucheza mchezo huu akiwa na umri wa miaka 15 hivi, umri ambao wenzake wa Marekani wanakuwa wamekwisha kuucheza kwa miaka mingi.

Mwanzo wa msimu ule ulidanganya. Walishinda mechi 11 za kwanza, lakini nyingi zilikuwa dhidi ya timu dhaifu. Ligi yao, iliyoitwa Big East, ilipopamba moto, walishinda mechi 6 tu kati ya 16. Mwisho wa yote walikuwa na ushindi mara 17 na kushindwa mara 14, na hawakuitwa kwenye mashindano ya taifa wala yale madogo ya pili yake. Jambo hilo halikuwa limempata Calhoun tangu msimu wake wa kwanza chuoni hapo, 1986/87, ambapo alishinda mechi 9 na kupoteza 19. (Nayo hiyo 9 kwa 19 tusiipite haraka. Mwaka uliofuata, 1988, timu ileile ilitwaa kombe la yale mashindano madogo. Kama wakubwa wa chuo wangekuwa na haraka kama ya kamati yetu, huyo kocha wa mataji angefungashwa virago kabla hajafundisha miezi 12.)

Sasa mtu aliyetazama msimu ule wa 2006/07 kwa kuhesabu ushindi peke yake aliona timu iliyooza. Aliyetazama kwa makini aliona jambo jingine. Kijana wetu, akiwa bado anajifunza hata namna ya kuweka miguu yake chini ya kikapu, alizuia mitupo ya wapinzani kwa wastani wa mitupo 3.8 kila mechi. Pointi zake zilikuwa kidogo, wastani wa 6.2, na mipira aliyodaka baada ya kugonga ubao ni 6.4. Mtazamaji wa kawaida anatazama hizo 6.2 anasema, aa, mrefu bure. Mwalimu anatazama ile 3.8. Mchezaji anayezuia mitupo namna ile huwafanya wapinzani waogope kusogea karibu, na wenzake waliopo mbele wanapata ujasiri wa kumkaba mwenye mpira, maana wanajua akipita kuna mtu nyuma.

Mwaka wa pili wastani wake ukawa pointi 10.5, mipira 7.9 na mitupo 4.5 iliyozuiwa. Timu nayo ikashinda mechi 24 na kupoteza 9, na katika ligi ikashinda 13 kati ya 18. Ilikuwa ileile ya jana, vijana walewale, ila wamekua mwaka mmoja. Januari 2008 walikwenda kuifunga Indiana nyumbani kwake ilhali wachezaji wao wawili wamesimamishwa kwa utovu wa nidhamu. Mimi naiona mechi hiyo kuwa ya maana kuliko nyingi walizoshinda kwa pointi tele, kwa sababu timu changa ikipungukiwa watu kwa kawaida huvunjika moyo.

Lakini angalieni ulivyokwisha msimu huo. Machi 2008, mjini Tampa, katika mechi ya kwanza kabisa ya mashindano ya taifa, walitolewa na San Diego kwa 70 kwa 69 katika muda wa nyongeza, na mpandisha mpira wao, A.J. Price, aliumia goti vibaya katika mechi hiyohiyo. Ripoti ya kamati kama ya kwetu ingeandikwa hivi: "Timu imetolewa raundi ya kwanza na timu ndogo. Hakuna maendeleo." Na ingepigiwa kura ikapita.

Waungwana wale hawakupiga kura. Thabeet angeweza kuondoka kwenda kutafuta fedha, akarudi darasani mwaka wa tatu. Price alitibiwa akarudi uwanjani. Msimu wa 2008/09 wakashinda mechi 31 na kupoteza 5, wakafika nusu fainali ya taifa mjini Detroit, walikofungwa na Michigan State 82 kwa 73. Thabeet alifikisha wastani wa pointi 13.6 na mipira 10.8 kwa mechi, akatajwa kuwa mlinzi bora wa vyuo vya nchi nzima.

Hata hivyo nisije nikaonekana napamba. Katika msimu huohuo mzuri, tarehe 16 Februari 2009, siku aliyotimiza miaka 22, Thabeet alibwagwa chini na DeJuan Blair wa Pittsburgh walipokuwa wakigombea mpira. Blair ni mfupi kwake kwa zaidi ya inchi sita, lakini alimbeba begani kama gunia. Siku hiyo Blair alipata pointi 22 na kudaka mipira 23, na Connecticut, iliyokuwa ya kwanza nchini, ikafungwa. Picha zake zilizunguka na watu wakacheka. Msimu ulipokwisha wawili hao walitangazwa kwa pamoja kuwa wachezaji bora wa ligi ile. Kwa hiyo siku moja ya kubebwa kama gunia haikufuta kazi ya miaka mitatu.

Najua yuko atakayesema: mbona huyo Thabeet hakung'ara NBA? Ni kweli, hakung'ara. Kabla ya kumaliza mwaka wake wa kwanza huko alipelekwa ligi ya chini, na kufikia 2014 alikuwa ametoka kabisa. Lakini hoja yangu ni juu ya timu ya chuo, na chuoni alipewa mwaka wa kukosea, mwaka wa kujirekebisha na mwaka wa kuvuna. Alikokwenda baadaye hakupewa nafasi ya namna hiyo.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni kwamba timu ya chuo haijengwi ikamalizika. Ni kama basi la abiria: kila kituo kuna wanaoshuka. Thabeet na Price walipoondoka, Connecticut ikarudi chini, 2009/10 ikashinda 18 na kupoteza 16. Lakini katika ule msimu mzuri alikuwako kijana wa mwaka wa kwanza, Kemba Walker, aliyekuwa akijifunza nyuma ya Price. Mwaka 2011, baada ya kushinda mechi 9 na kupoteza 9 katika ligi, timu ya Walker ilishinda mechi 11 mfululizo ikachukua ubingwa wa taifa. Mbegu ilipandwa wakati watu wote wanamtazama mrefu.

Basi narudi kwenye daftari langu. Timu iliyotufunga mwanzoni mwa msimu uliopita kwa pointi 30 na zaidi, safari hii ilitufunga kwa 4. Watazamaji waliondoka wakinung'unika kwamba ni yaleyale. Mimi nilibaki na karatasi yangu. Msimu uliopita kijana wetu wa kati alikuwa anatolewa kwa faulo tano kabla robo ya nne haijaanza, kwa sababu alikuwa anauvamia kila mpira unaopita mbele yake. Sasa anasimama, ananyoosha mikono juu, anamwacha mpinzani ajitaabishe mwenyewe, na anamaliza mechi akiwa uwanjani. Zamani tulikuwa tunapoteza mchezo wote robo ya tatu, yaani mapumziko yalikuwa yanatumaliza. Siku hizi robo ya tatu tunakwenda nao sambamba, na tunazidiwa mwishoni kwa kuwa benchi letu ni fupi. Ugonjwa wa robo ya tatu na ugonjwa wa benchi fupi si ugonjwa mmoja. Wa kwanza ni wa kutojua. Wa pili unaponywa na wanafunzi wapya watakaoingia mwaka ujao, iwapo watakuta timu bado ipo.

Kuna jambo moja dogo ambalo halimo katika karatasi. Katika dakika za mwisho za mechi ile, mpandisha mpira wetu alibanwa pembeni na watu wawili. Mwaka jana angeutupa mpira mbele ovyo, kisha angeinamisha kichwa. Safari hii aliuficha kwa mgongo, akageuka, akamwona mwenzake aliye peke yake upande wa pili. Mwenzake akatupa, akakosa. Kocha hakugomba, alipiga makofi. Baadhi ya watu jukwaani walimcheka kocha. Mimi nilimwelewa.

Sisemi kwamba kila timu inayofungwa inajengwa. Ziko zinazofungwa kwa sababu hazifanyi mazoezi, au kwa sababu nafasi zinagawiwa kwa kujuana, na hizo hazihitaji uvumilivu bali fagio. Wala sisemi kamati haina hoja kuhusu fedha. Gharama ya basi ni kubwa na maktaba inahitaji vitabu. Nakubali pia kwamba mchezo usiwe kisingizio cha kukimbia darasa. Hao hao Connecticut walizuiwa kucheza mashindano ya taifa ya 2013 kwa sababu maendeleo ya masomo ya wachezaji wao yalikuwa chini ya kiwango kilichowekwa. Adhabu ile ilikuwa ya haki, na mwaka uliofuata walirudi wakawa mabingwa. Kamati yetu ikitaka kuweka sharti kwamba mchezaji anayefeli mitihani asisafiri na timu, mimi nitakuwa wa kwanza kuunga mkono.

Ninachoomba ni kwamba fedha za usafiri ziachwe kwa msimu huu na ujao, na kocha aachwe na vijana aliowaanza, na wajumbe wa kamati waje angalau mara moja kuiona timu wanayotaka kuiondoa, maana katika mechi zote nilizoandika sijamwona hata mmoja wao. Kikao cha uamuzi kimepangwa kufanyika mwisho wa mwezi huu. Karatasi za misimu yote miwili ninazo nyumbani ndani ya faili, zimepangwa kwa tarehe. Nikiitwa nitazileta mwenyewe, na nisipoitwa nitaziacha mapokezi asubuhi ya siku hiyo.

Mwalimu Mstaafu,
Morogoro