Eti bila gitaa si rock? Wacheni hizo

Nyinyi mnaosema mtu mmoja na mashine hawezi piga rock, mnachosha. Simeon Coxe alikuwa anaimba na bendi ya rock New York, miaka ya 60. Akaleta osileta, kale kamashine ka kutoa mlio wa umeme, wapiga gitaa wakatoroka. Akabaki na mpiga ngoma, Danny Taylor, wakajiita Silver Apples. Osileta alizipiga na mikono, viwiko, hadi miguu. Huo ndio uvivu mnaosema? Danny akafa 2005, Simeon akaendelea peke yake, ngoma za marehemu zikitoka kwa rekodi. Alifariki 2020, mzee wa miaka 82. Na wewe unamcheka kijana wa Umoja na laptop yake? Angalau yeye anatunga. Nyinyi na magitaa yenu kila wikendi ni kupiga nyimbo za wenyewe.