Pengo Si Sifuri

Kila nikisikia kampuni ikijisifu kwamba inaripoti sumu inazotoa hewani "kwa hiari yake", huwa najiuliza swali moja tu: asiyeripoti anaandikwaje? Wenzangu mnaoshinda kwenye hifadhidata mnanielewa. Sifuri maana yake tumepima na hakuna kitu. Pengo maana yake hatujui. Lakini ukishachora ramani, vyote viwili hupakwa rangi ile ile, na mtaa ambao haukupimwa unang'aa kana kwamba wakazi wake wanaishi juu ya Mlima Kenya.

Tazama Marekani, maana huko ndiko tunakoambiwa takwimu zimejaa. Sheria yao ya hewa ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1990 iliorodhesha vichafuzi hatari 189: benzeni, zebaki, misombo ya risasi na ndugu zao. Kila miaka mitatu shirika lao la mazingira, EPA, hutayarisha hesabu ya kitaifa ya uchafuzi wa hewa. Kwa hesabu hiyo, majimbo yalilazimishwa kuleta takwimu za vichafuzi vya kawaida kama vumbi na dioksidi ya salfa. Zile sumu zenyewe? Hiari. Jamani! Mwaka 2023 EPA yenyewe ilipendekeza ziwe lazima.

Watetezi wa hiari watanitolea mpango wa 33/50. Sawa. Ulianza mwaka 1991, kampuni zikaombwa (si kuamriwa) kupunguza kemikali 17 kwa nusu ifikapo 1995, na lengo likafikiwa mwaka mmoja mapema. Lakini tulijuaje kwamba limefikiwa? Kwa rejesta nyingine kabisa, TRI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, baada ya gesi ya kiwanda kuua maelfu ya watu Bhopal, India, Desemba 1984. Kupunguza ndiko kulikuwa kwa hiari. Kuripoti kulikuwa lazima. Hili husahaulika sana kwenye hotuba.

Na hata hiyo TRI inamruhusu mwenye kiwanda kukadiria badala ya kupima. Sisi tunaoandika programu tuna kanuni: data ya mtumiaji haiaminiwi kabla ya kukaguliwa. Hatufanyi hivyo kwa sababu watumiaji wote ni waongo, la, ni kwa sababu mmoja anatosha. Kanuni ya EPA ya mwaka 2015 ilizitaka refaineri ziweke vipima benzeni kwenye uzio wao, na wastani wa mwaka ukizidi maikrogramu 9 kwa mita ya ujazo, watafute chanzo na kukirekebisha. Viwanda kadhaa vilivuka. Kipima hakina idara ya uhusiano mwema.

Kuna atakayesema haya ni ya Wamarekani. Basi twende Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi ya betri kuukuu kilifanya kazi hadi 2014 ukutani mwa nyumba za watu. Takwimu za huko hazikutoka kwenye fomu ya kampuni. Zilitoka kwenye damu. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa hapo, alianza kupiga kelele baada ya mwanawe kukutwa na risasi mwilini. Mahakama iliwapa wakazi shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, kesi ikazunguka, na Mahakama ya Juu ikairudisha fidia hiyo Desemba 2024. Miaka kumi baada ya kiwanda kufungwa.

Ninachodai si kikubwa. Jedwali moja lililo wazi kwa kila Mkenya: kiwanda, kichafuzi, kiasi, tarehe, kilipimwa au kilikadiriwa. Asiyeleta, aandikwe "hajaleta", kwa rangi nyekundu, wala asiachwe mweupe. Programu yenyewe ni kazi ya wikendi mbili na niko tayari kuiandika bure. Lakini siwezi kuiandikia amri ya kumlazimisha mwenye dohani aijaze; hiyo ni kazi ya Bunge.