Mwanza ni karibu na Dubai kuliko Dar, faida iko wapi?

Mfanyabiashara wa Mwanza anayekwenda Dubai kufuata bidhaa huanza safari yake kwa kurudi nyuma. Njia ya kawaida ni kupanda ndege hadi Dar es Salaam, kilometa zipatazo 850 kuelekea kusini mashariki, ilhali Dubai iko kaskazini mashariki. Akifika Dar ndipo anaanza kilometa nyingine 3,980 hivi, ambazo ni kama saa tano na nusu angani. Jumla ni kilometa 4,830.

Ukipima moja kwa moja kutoka uwanja wa Mwanza hadi ule wa Dubai unapata kilometa zipatazo 3,915. Yaani Mwanza ni karibu zaidi na Dubai kuliko Dar es Salaam, kwa kilometa kama 60. Anayebisha achukue tufe na uzi.

Angani, mzunguko huo unamgharimu saa moja na nusu, na hiyo si hasara ya kutisha. Hasara iko chini: kufika uwanjani mapema mara mbili, kungoja ndege ya pili na, ratiba zisipooana, kulala Dar kwa fedha yake. Tuseme anapoteza siku moja kwenda na moja kurudi. Kama ana mkopo wa shilingi milioni 20 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, riba ya siku hizo mbili haifiki hata shilingi 20,000. Wanaolalamikia riba hapa wamekosea hesabu. Kinachouma ni hoteli, teksi, na duka lililoachwa kwa kijana asiye na mamlaka ya kupunguza bei.

Wapo watakaosema abiria wa Mwanza ni wachache mno kujaza ndege ya kimataifa. Ni kweli, kama tunahesabu vichwa tu. Lakini ndege ya abiria hubeba mizigo tumboni, na Mwanza ina mzigo ambao miji mingi ingeutamani: minofu ya sangara, bidhaa inayopoteza thamani kila saa inayopita. Kwa miaka mingi sehemu ya minofu hiyo imepakiwa kwenye malori yenye barafu na kupelekwa viwanja vya Nairobi na Entebbe, ikapandishwa ndege huko. Tunavua sisi, ada za uwanja wanachukua majirani. Soko lake kubwa ni Ulaya, sawa, lakini Dubai ni kituo cha kuunganisha mizigo ya kwenda huko.

Hivyo sioni sababu ya wenye maduka kuendelea kupeleka maombi serikalini peke yao, huku wenye viwanda vya samaki nao wakipeleka yao. Shirika la ndege halisikilizi kilio, linataka kujua tani ngapi kwa wiki, kwa bei gani, na nani atalipa ndege ikiondoka nusu tupu. Wenye viwanda waahidi tani za kwenda, wenye maduka waahidi vipuri, simu na nguo za kurudi, waandikishiane mkataba wa miezi sita, kisha waende na karatasi hiyo kwa shirika lolote litakalokubali kukaa mezani.

Mwekezaji mdogo naye, siku akisikia safari hiyo imetangazwa, aulize kwanza ndege itarudi na nini.