Hiyo Lami Mnayoionja Ina Wenyewe

Kuna watu duniani wanaolipa maelfu ya yuro kwa chupa moja ya pombe inayonuka lami. Sitanii. Lami, petroli, mpira ulioungua, na kwa mbali ndizi iliyoiva kupita kiasi. Ndivyo wanavyoiandika wenyewe, na wanaisifu, hawalalamiki. Pombe hiyo ni ramu, inaitwa Caroni, na ilitoka kisiwa cha Trinidad huko Karibi. Nasema ilitoka kwa sababu kiwanda kilifungwa 2003 na hakijafunguliwa tena. Kila chupa inayofunguliwa leo inapunguza zilizobaki, na hapo ndipo penye utamu kwa wakusanyaji: wamepata kitu ambacho hakiwezi kuongezeka.

Waandishi wenzangu, msigeuze ukurasa mkisema sisi na ramu ya Karibi wapi na wapi, sisi wa Konyagi. Subirini. Ugomvi wangu na mabwana hawa ni wa maneno, na maneno ndiyo kazi tunayoililia sote humu.

Niwape haki yao kwanza. Wanajua kuandika! Mshikaji wangu mmoja anayefanya kazi baa ya hoteli ndiye aliyenipa makaratasi yao, orodha za mnada na maelezo ya waonjaji, nikayasoma mpaka usiku kama riwaya. Mtu anamimina kidogo sana, maana ramu yenyewe mara nyingi inapita asilimia 60 ya kilevi. Anaiacha kwenye glasi itulie. Ananusa, hanywi. Ananusa tena. Anatia tone la maji. Kisha anaandika nusu ukurasa juu ya kitu kilichokaa ulimini kwa dakika mbili. Nani kati yetu anaweza kukaa na kitu kimoja kwa muda huo? Sisi tunamaliza mapenzi, mimba na kifo ndani ya kurasa tatu.

Halafu wana elimu. Wanakwambia iliyokenekwa 1996 si sawa na ya 1998, na ya 1998 si sawa na ya 2000. Wanajua ipi ilizeekea pipani kwenye joto la Trinidad na ipi ilipelekwa kuzeekea kwenye baridi ya Ulaya. Tofauti ni kubwa, kwani pipa la mbao linapumua, na kwenye joto ramu hupotea hewani upesi zaidi. Wazungu wanaliita fungu la malaika. Pipa likikaa miaka ishirini na kitu kwenye joto lile, zaidi ya nusu imekwenda, na inayobaki ni nzito, nyeusi, kali. Wengine hupenda kutia hadithi ya Ziwa la Lami la pale La Brea, kusini-magharibi mwa kisiwa, ziwa la lami tupu la kama hekta 40, eti ndiko harufu inakotoka. Hadithi nzuri, ila si kweli. Lami ile inayosikika kwenye glasi imetokana na namna molasi ilivyochachuliwa, na mtambo ulioikeneka, na pipa, na miaka. Yaani imetokana na kazi. Watu walisimama pale wakafanya.

Na hapo ndipo kalamu zao zinapokauka.

Chukua karatasi yoyote ya muonjaji. Utakuta lami, utakuta mafuta ya taa, utakuta ngozi ya tandiko la farasi. Mtu hutamkuta. Ukimkuta ni mmoja tu, Luca Gargano, Mwitaliano mwenye kampuni ya Velier ya mjini Genoa, aliyefika pale 2004 akakuta maelfu ya mapipa yamelala ndani ya kiwanda kilichokufa. Hadithi hiyo inasimuliwa kama Kristofa Kolumbasi anavyosimuliwa: kabla yake giza, baada yake nuru. Jamani, mapipa hayakuota humo kama uyoga! Kuna aliyeyajaza, kuna aliyeyapanga, na huyo alikwenda nyumbani siku moja akaambiwa asirudi.

Tuhesabu basi, maana wao wanapenda tarehe. Watumwa wa Kiafrika katika makoloni ya Mwingereza waliachiliwa kabisa 1838, na wenye mashamba ya miwa wakatafuta mikono mingine. Meli ya kwanza ya vibarua wa mkataba kutoka India, Fatel Razack, ilitia nanga Trinidad tarehe 30 Mei 1845. Mpaka 1917 walikuwa wameletwa zaidi ya 140,000. (Mwingereza huyohuyo, kwa mkataba wa namna hiyohiyo, alianza 1896 kuwaleta Wahindi Mombasa kujenga reli ya Uganda. Kwa hiyo usiniambie hatuna undugu na habari hii.) Mwaka 1937 kampuni ya Tate & Lyle ya Uingereza ikaingia Caroni. Ramu yake nzito iliingia hata kwenye mchanganyiko wa jeshi la wanamaji la Uingereza, ambao waligawiwa toti yao kila siku mpaka tarehe 31 Julai 1970. Mwaka 1975 serikali ya Trinidad na Tobago ikalichukua shirika zima. Mwaka 2003 hiyohiyo serikali ikalifunga, na watu takriban 9,000 wakaacha kazi kwa mkupuo. Waliahidiwa viwanja vya kujenga na vishamba vya ekari mbili mbili. Wengi walisubiri hati za ardhi hiyo miaka nenda miaka rudi, wengine wakazeeka wakisubiri.

Wewe linganisha sasa. Ramu ikisubiri miaka ishirini inapanda bei. Mkata miwa akisubiri miaka ishirini anakufa.

Sijamaliza. Mwaka 2018 Velier walianza kutoa chupa za Caroni zenye picha za wafanyakazi wa zamani. Sura ya mtu, jina lake, na pengine jina la utani wenzake walilomwita kazini. Nilipoona lebo ya kwanza nilifurahi, nikasema haya, hatimaye. Kisha nikasoma waonjaji walivyoipokea. Mstari mmoja wa heshima, halafu lami, petroli, mpira. Tena majina ya watu yakawa majina ya chupa. Fulani ana lami kuliko fulani. Fulani mtamu ila mfupi. Fulani amepanda bei. Fulani ninaye wawili kabatini, mmoja wa kunywa na mmoja wa kuweka. Mtu aliyefanya kazi kwenye joto na moshi, leo yuko kabatini kwa Mzungu amefungiwa kwa ufunguo, na wenye kabati wanabishana harufu yake!

Najua nitakachoambiwa. La kwanza: wewe kijana hujawahi hata kuionja. Kweli, sijaionja, na kwa bei ile sitaionja. Lakini nimekulia mtaa ambao gongo linapikwa nyuma ya nyumba ya tatu, najua mtungi unavyochemka, najua mrija unavyodondosha, namjua na mama anayelipika akichungulia askari. Sijawahi kusikia mlevi wa mtaani kwetu akisifu gongo bila kumtaja mama yule. Mlevi, nakwambia! Anajua kuwa pombe ina mwenyewe.

La pili ni zito zaidi, sitalikwepa. Wanasema bila Gargano na wakusanyaji, mapipa yale yangeuzwa kwa jumla, yakamwagwa kwenye mchanganyiko usio na jina, na leo Caroni isingejulikana na mtu nje ya Trinidad. Nakubali. Jina limeokolewa, na picha kwenye chupa ni bora kuliko lebo ya jahazi na maharamia. Ila kuokoa jina la kiwanda ni kitu kimoja na kumsikiliza aliyekiendesha ni kitu kingine. Hawa wamefanya la kwanza wakajipigia makofi kwa yote mawili.

La tatu: starehe ni starehe, siasa iweke kando. Huyo simjibu. Bei yenyewe ya hiyo chupa ni siasa. Kiwanda kingekuwa kinafanya kazi mpaka leo, ramu yake ingeuzwa kama ramu nyingine, na yeye asingekuwa na kitu cha kufungia kabatini. Analipia mazishi, hataki kusikia habari za marehemu.

Nawaambia haya ninyi mnaotaka kuandika kwa sababu tuna mfano uliotoka kwenye miwa ileile. V.S. Naipaul alizaliwa Chaguanas, katikati ya nchi ya miwa ya Trinidad, mwaka 1932, mjukuu wa Mhindi aliyefika kwa mkataba. Huku kwetu alipita pia, 1966 alikuwa Makerere, na aliyoyaandika juu ya Afrika mengi yana jeuri, mimi simtetei. Lakini kwenye A House for Mr Biswas ya 1961 alimchukua mtu mdogo, mpaka rangi wa mabango ambaye kwa muda anageuka msimamizi wa vibarua wa miwa, mwenye deni na tumbo bovu, akampa kitabu kizima. Mtu huyohuyo angeangukia kwa waonjaji wangempa lebo, kisha wangesema ana mwisho mrefu wenye ukali wa pilipili manga.

Wapo vijana wenzetu wanaoona uandishi ndiyo huo. Wakikaa kuandika juu ya soko la Kariakoo wanaandika harufu za Kariakoo. Samaki, mtaro, chungwa. Kurasa nne za pua. Muuza samaki hana hata jina.

Mimi ningetaka nisome karatasi moja tu ya muonjaji aliyepanda ndege mpaka Trinidad na chupa yake ya thamani mkononi, akaenda kwa mzee mmoja wa Caroni, akakaa kibarazani kwake, akamfungulia. Shikamoo mzee, hii ni ramu yenu, kunywa, uniambie inanuka nini. Halafu anyamaze aandike anachoambiwa. Sidhani mzee angetaja lami. Angetaja zamu ya usiku. Angetaja jina la aliyeungua mkono kwenye mtambo. Na akishaulizia bei ya chupa, pengine angeomba irudishiwe kizibo, ikauzwe, amalizie paa.