Khatima Si Roho ya Filamu

Katika mazungumzo ya filamu siku hizi, wawe watu wametoka katika jumba la sinema au wamejitazamia nyumbani kwenye televisheni na simu, kauli mbili husikika kuliko nyingine zote: ya kwanza, "Usinisimulie, sijaiona bado," na ya pili, inayotamkwa kwa masikitiko, "Nilishajua mwisho wake mapema." Chini ya kauli hizo imelala itikadi ambayo aghlabu haiulizwi ushahidi: kwamba thamani ya filamu imo katika khatima yake, na kwamba aliyekwisha kuijua khatima hana tena cha kutazama. Itikadi hiyo naipinga, wala siipingi nusu nusu. Naiona ni batili, naiona ni ngeni kwa hadhira yetu, na naiona inatupunja sehemu kubwa ya starehe na mazingatio ambayo sanaa hii imekusudia kutupa.

Kabla sinema haijafika Unguja, Mombasa wala Lamu, watu wa pwani walikuwa wamekwisha kuzoea kusikiliza habari wanazozijua. Nani asiyejua kwamba Fumo Liyongo, shujaa ambaye silaha hazikumdhuru, aliuawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba aliyomchoma kitovuni? Siri hiyo pengine ndiyo jambo la kwanza alijualo mtoto juu ya Liyongo, na bado utendi wake ukaendelea kughaniwa na kusikilizwa, kwa sababu kilichofuatwa si habari ya kwamba alikufa, bali ni namna yule kijana anavyoingia kwa babake na khofu moyoni, na namna shujaa anavyokata roho amepiga goti kisimani, upinde mkononi, hata watu wakawa na kiu wasithubutu kukisogelea kisima. Kadhalika Barzanji husomwa mwaka baada ya mwaka, na mwenye kuhudhuria maulidi huingia akiwa anajua kitakachosomwa, na kwa kukijua huko ndiko moyo wake unakotulia.

Sinema ilipokuja, hadhira ile ile iliingia nayo tabia ile ile. Awaara ya Raj Kapoor, iliyotoka 1951, ilipendwa mno katika miji yetu ya pwani miaka ya hamsini. Watu waliirudia na kuirudia, na nyimbo zake zikaimbwa na wengi wasiojua neno la Kihindi. Na tuitazame filamu yenyewe ilivyojengwa. Inaanzia mahakamani, Raj amekwisha kusimama kizimbani kwa tuhuma ya kutaka kumuua Jaji Raghunath, ndipo wakili Rita anapomhoji jaji na kutufunulia, hatua kwa hatua, kwamba mshitaki ni baba na mshitakiwa ni mwanawe aliyemkana angali tumboni mwa mama. Mtengenezaji ametutangulizia jinai ili macho yetu yaache kukimbilia mbele na yatue juu ya nyuso. Na uso wa jaji huyo ni wa Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj Kapoor, jambo ambalo mtazamaji akilijua huona katika kila tazamo la wawili hao maana ambayo mara ya kwanza ilimpita. Mother India ya 1957 nayo huanza na Radha aliyekwisha kuwa ajuza, kwa hiyo tunajua tangu awali kwamba ataishi. Lakini anapoinua bunduki kumwelekezea Birju, mwana wa tumbo lake, hakuna ujuzi wowote uwezao kumkinga mtazamaji na tukio lile.

Desturi ya kuilinda khatima kama mali ya amana ilikuzwa na biashara. Mwaka 1960 Alfred Hitchcock alipoitoa Psycho, aliagiza kwamba mtu asiruhusiwe kuingia filamu ikishaanza, na akawaomba watazamaji wasiitoe siri. Ulikuwa utangazaji wa ustadi mkubwa. Walakini Hitchcock huyo huyo, alipomweleza mtengenezaji filamu mwenziwe, François Truffaut, kazi yake, alifundisha kinyume cha tangazo lake: watu wawili wakiwa wanazungumza mezani na bomu likalipuka ghafula, hadhira itashituka kwa sekunde chache, bali hadhira ikijua tangu mwanzo kwamba bomu limo chini ya meza, mazungumzo yale yale, hata yawe ya upuuzi, yataikausha koo kwa dakika nyingi. Mwalimu wa wote katika fani hiyo aliuweka ujuzi juu ya mshituko, na wafuasi wake wameshika tangazo wakaiacha elimu.

Nitaambiwa kwamba ziko filamu za upelelezi na za mafumbo ambazo siri ndiyo uhai wake. Sikatai kwamba mshituko wa mara ya kwanza una ladha yake, na anayemnyang'anya mwenziwe ladha hiyo kwa makusudi hana adabu. Lakini The Sixth Sense ya 1999, ambayo fumbo lake lilisifiwa dunia nzima, watu waliirudia baada ya kuijua siri, wapate kuona alama zilizowekwa wazi mbele yao nao wasizione. Filamu ambayo haiwezi kutazamwa mara ya pili ilikuwa dhaifu hata mara ya kwanza.

Amil Shivji alipoitoa Vuta N'Kuvute mwaka 2021, kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, niliwasikia waliosoma kitabu wakisema hawana haja nayo, kwa kuwa kisa cha Yasmin na Denge wanakijua. Wanakijua, naam, lakini riwaya haikuwaonyesha mwanga unavyoingia katika nyumba za Mji Mkongwe, wala haikuwasikilizisha taarabu, wala haikuwaonyesha uso wa msichana anayejifunza kuhiari. Na nyumbani, ambako kidole kiko juu ya simu, madhara yamezidi: maadamu mtazamaji ameaminishwa kwamba khatima ndiyo filamu, huruka nyimbo, huruka kimya, humruka mtu anayetembea peke yake ufukweni, ili afike upesi mwishoni, kisha hutoa hukumu kwamba filamu ilikuwa ya kawaida, ilhali hakuitazama.

Mjini Mumbai, katika jumba la Maratha Mandir, Dilwale Dulhania Le Jayenge ya 1995 ilitimiza wiki 1,000 mnamo Desemba 2014 na ikaendelea kuonyeshwa. Watu huingia wakijua kwamba baba atauachia mkono wa Simran, naye atalikimbilia treni. Anayetaka kunipa maoni yake juu ya filamu aliyoitazama jana, na anisimulie mwisho wake bila ya khofu, kisha aniambie aliona nini kabla ya hapo.