Askari Si Simba

Ipo desturi miongoni mwetu sisi watunzi wa mashairi ambayo hatuna budi kuipinga. Kila ifikapo tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, twawaita askari wetu simba, chui na vifaru. Kisha twakunja karatasi zetu na kurejea majumbani tukidhani tumewaenzi. La, hatukuwaenzi. Tumewapunja.

Simba huongozwa na njaa, wala hajui wajibu. Je, ni nani waliokwenda vitani baada ya majeshi ya Idi Amin kuivamia Kagera mwezi Oktoba 1978? Pamoja na wanajeshi wa Jeshi la Wananchi walikwenda wanamgambo, makumi ya maelfu: wakulima, wavuvi na makarani. Mikono ya wengi wao ilizoea jembe, lile lile ambalo Wasukuma hulirusha juu katika ngoma ya Bugobogobo. Waliwaacha wake na watoto, wakijua vema kwamba risasi haichagui. Waliogopa, na bado wakaenda. Hapo ndipo ulipo ushujaa.

Sisi wa Nyamagana hofu hiyo hatukusimuliwa. Mwezi Machi 1979 ndege ya Libya, nchi iliyokuwa ikimsaidia Amin, ilidondosha mabomu Mwanza ikiyalenga matangi ya mafuta, ikayakosa. Tuliokuwa watoto siku hizo tulijua kwamba kuogopa si aibu. Aibu ni kumwacha jirani peke yake.

Watatokea watakaosema kwamba ushairi una haki ya kutia chumvi. Haki hiyo twaikubali, lakini chumvi ikizidi huharibu mchuzi. Simba haachi mjane. Simba hadai kiinua mgongo, wala haulizwi usiku anaota nini. Tukimgeuza askari kuwa mnyama, twajifutia deni ambalo hatujalilipa. Wahenga walisema: mwenye kovu usidhani kapoa.

Katika makaburi ya Kaboya, wilayani Muleba, hakuzikwa simba hata mmoja. Wamezikwa watu, wana wa watu, waliofika Kagera kwa hiari ya utu wao. Basi na tuwaimbe kama watu, tutaje majembe waliyoyaweka chini, tubishe hodi kwa wajane wao na kwa wenzao waliorudi na makovu. Shairi lisilotufikisha kwenye milango hiyo ni kelele tupu.