Kabla ya Kuuliza Miti, Uliza Mapipa

Kama mlisikiliza kipindi cha wiki hii, mnajua tuliishia katikati ya ubishi. Mada ilikuwa uchaguzi wa baraza la jiji la Birmingham, Alhamisi tarehe 7 Mei 2026. Swali lilikuwa: diwani tumpe kura kwa sababu ya mazingira, au kwa sababu ya mambo ya kila siku? Mwenzangu akasema mazingira. Mimi nikasema swali lenyewe limekaa upande. Muda ukaisha, kwa hiyo leo namalizia kwa maandishi, na hapa hakuna wa kunikatiza.

Tuanze na maneno, maana wengi wenu huwa mnayauliza. Baraza la jiji ndiyo ile tunayoiita kaunsili. Anayekuwakilisha humo ni diwani, na eneo lake ni kata; Wakenya mnasema wadi. Birmingham ina kata 69 na madiwani 101, na wote huchaguliwa siku moja, kila baada ya miaka minne. Halafu kuna neno uendelevu, ambalo limejaa kwenye vipeperushi vya vyama vyote. Limetoka kwenye kuendelea, basi. Jambo ni endelevu kama linaweza kuendelea bila kumwachia anayekuja nyuma deni.

Sasa tuone jiji lenyewe.

Juni 2019 baraza la Birmingham lilitangaza dharura ya tabianchi. Lengo lilikuwa jiji lifikie sifuri ya kaboni mwaka 2030, au mapema iwezekanavyo baada ya hapo. Tarehe 1 Juni 2021 likaanzisha Eneo la Hewa Safi katikati ya jiji. Ukiingia na gari dogo la zamani ambalo moshi wake umezidi kiwango, unalipa pauni 8 kwa siku. Mpaka hapo, mtu wa mazingira anapiga makofi.

Halafu tarehe 5 Septemba 2023 baraza hilohilo likatoa notisi ya kifungu cha 114. Kwa Kiswahili cha nyumbani: tumekwama, hatuna pesa za kutosha kutimiza wajibu wetu. Notisi hiyo ikitoka, matumizi mapya yote yanasimama, isipokuwa yale ambayo sheria inalazimisha na ya kuwalinda walio dhaifu. Serikali kuu ikaleta makamishna wa kusimamia. Bajeti ya 2024 ikaja na mpango wa kupunguza takriban pauni milioni 300 kwa miaka miwili. Kodi ya kaunsili ikapanda karibu asilimia 10 mwaka huo, na karibu asilimia 7.5 mwaka uliofuata.

Pesa zilikwenda wapi? Wapo wanaoilaumu serikali kuu kwa kukata ruzuku miaka na miaka. Wapo wanaoulaumu mfumo mpya wa kompyuta wa kusimamia fedha, uliokula pesa nyingi kuliko ilivyopangwa. Yote hayo yamo. Lakini kuna deni moja kubwa ambalo nataka mlijue, kwa sababu linawahusu watu wanaofanana sana na mama zetu na shangazi zetu.

Kwa miaka mingi, wanawake walioajiriwa na baraza hilo kupika mashuleni, kufanya usafi na kuhudumia wazee walikuwa wakikosa bonasi ambazo wanaume wa kazi kama kuzoa taka walizipata, ingawa kazi hizo zilipimwa kuwa na thamani sawa. Wakaenda mahakamani. Oktoba 2012 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba hata walioacha kazi zamani wanaweza kudai haki yao. Baraza limeshalipa zaidi ya pauni bilioni moja kwa madai ya aina hiyo, na bado madai mengine yaliendelea kuja. Wahenga walishasema dawa ya deni ni kulipa. Ukilikimbia, linakua.

Sasa angalieni mnyororo unavyoungana. Mwaka 2017 wazoa taka waligoma. Mgomo ukamalizwa kwa makubaliano yaliyoleta cheo kipya kwenye magari ya taka. Miaka ikapita, baraza likasema cheo hicho kinaweza kufungua tena madai ya malipo sawa, kwa hiyo kiondolewe. Chama cha wafanyakazi kikasema kukiondoa ni kuwakata watu mishahara, tena mishahara ya watu wa kawaida wenye kodi za nyumba na watoto. Tarehe 11 Machi 2025 ukaanza mgomo usio na kikomo. Tarehe 31 Machi baraza likatangaza tukio kubwa la dharura, huku tani zipatazo 17,000 za taka zikiwa hazijazolewa. Picha za panya na mifuko meusi zikazunguka dunia nzima, mpaka jamaa wa Dar wakawa wanatutumia pole kwenye WhatsApp. Yaani sisi tunapewa pole ya taka kutoka Dar!

Ukusanyaji wa taka za kurejelezwa nao ukasitishwa. Jiji ambalo tayari lilikuwa likirejeleza chini ya robo ya taka za majumbani, kati ya viwango vya chini kabisa England, likawa halikusanyi hata hizo. Kwa kawaida taka nyingi za Birmingham huchomwa kwenye kiwanda cha Tyseley na kugeuzwa umeme. Kila chupa na kila boksi ambalo halikurejelezwa lina njia fupi ya kwenda motoni, na moshi wake hausubiri mwaka 2030.

Ndiyo maana nilibisha kwenye kipindi. Mtu akikwambia chagua kati ya mazingira na mambo ya kila siku, mwonyeshe pipa la taka. Pipa ni mazingira au ni mambo ya kila siku? Ni afya ya mtaa, ni mshahara wa mzoaji, ni kodi ya kaunsili, ni kaboni angani, vyote ndani ya pipa moja. Ahadi ya 2030 ilikuwa nzuri, sikatai. Ila ahadi hiyo inabebwa na lori, lori linaendeshwa na mtu, na mtu anataka kulipwa kwa haki. Kimojawapo kikivunjika, ahadi inabaki kwenye karatasi.

Na mzigo hauwaangukii wote sawasawa. Taka zilipolala barabarani, mwenye gari na nafasi alizipeleka mwenyewe kwenye kituo cha jiji. Asiye na gari akabaki anaziangalia. Eneo la Hewa Safi nalo ni hivyohivyo. Hewa chafu inaumiza mapafu ya watoto wanaokaa karibu na barabara kubwa, na wengi wao ni wetu. Wakati huohuo, anayelipa zile pauni 8 mara nyingi ni mtu wa zamu za usiku mwenye dizeli ya zamani, kwa sababu mwenye uwezo alishanunua gari jipya. Mimi bado naunga mkono hewa safi. Sheria inasema mapato ya tozo hiyo yaende kwenye mambo ya usafiri. Basi haki yetu ni kuuliza: usafiri upi, na kata zipi zimefaidika?

Kwa hiyo mgombea akigonga mlango, usimuulize kama anapenda mazingira. Wote wanayapenda mwezi wa Aprili. Muulize haya manne.

La kwanza: hilo unaloahidi liko mikononi mwa baraza kweli? Baraza linashika taka, bustani, maktaba, mipango miji, barabara nyingi za mitaa, matunzo ya wazee na ya watoto. Mabasi yako kwa mamlaka ya West Midlands na meya wake. Akikuahidi nauli nafuu, muombe akueleze atapitia mlango gani.

La pili: pesa inatoka wapi, na nini kitapungua? Sehemu kubwa ya bajeti inakwenda kwenye matunzo ya wazee, walemavu na watoto, na hapo sheria hairuhusu kuacha. Kinachokatwa haraka ni kile kisicho na mtetezi: saa za maktaba, vituo vya vijana, bustani. Mgombea asiyetaja kitakachopungua hajamaliza sentensi yake.

La tatu: nani atafanya hiyo kazi, na atalipwaje? Mkitaka kujua kwa nini, rudini juu mkasome tena habari ya wale wapishi.

La nne: nyumba za baraza. Birmingham ina nyumba za baraza karibu 60,000. Nyumba yenye unyevu na ukungu inakula gesi, inakula pesa na inaleta pumu. Ukiziba baridi, bili inashuka, mtoto anapumua, na kaboni inapungua. Kama kuna mahali ambapo mimi na mwenzangu wa kipindi tunapatana, ni hapo. Muulize: nyumba ngapi, mwaka gani, zikianzia kata ipi?

Sasa la mwisho, na hili ndilo lililonifanya niandike. Mnajua nani anaweza kupiga kura?

Mama yangu ana pasipoti ya Tanzania. Kama mnavyojua, Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo wazazi wengi wamekaa huku miaka yote bila kuchukua pasipoti ya Uingereza. Mama anamjua mjumbe wa nyumba kumi wa mtaa aliozaliwa, ila diwani wake wa hapa hakuwahi kumjua, kwa sababu aliamini kura za huku hazimhusu. Zinamhusu. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola mwenye umri wa miaka 18 na kibali cha kuishi hapa anaruhusiwa kupiga kura. Tanzania imo, Kenya imo, Uganda imo, Rwanda imo tangu 2009.

Burundi haimo. Kongo haimo. Oman haimo. Mtu wa Bujumbura mwenye kibali halali, analipa kodi ya kaunsili ileile, lakini Birmingham hana kura mpaka apate uraia. Mtu huyohuyo akihamia Cardiff au Glasgow anaweza kuchagua diwani, kwa sababu Wales na Scotland zimewapa haki hiyo wakazi wote wenye vibali. Huko hata wa miaka 16 anachagua diwani wake. Kwa hiyo wewe uliyezaliwa hapa, kura yako si yako peke yako. Kuna jirani yako, na labda baba yako mdogo, ambaye taka zake zinasubiri uende wewe.

Mwisho wa kujiandikisha ni tarehe 20 Aprili. Inafanyika mtandaoni, ni dakika chache tu; andaa namba yako ya bima ya taifa. Siku ya kura nenda na kitambulisho chenye picha. Pasipoti ya Tanzania au Kenya inakubaliwa, hata iliyopitwa na muda, mradi sura bado ni yako. Pasi ya basi ya mzee inakubaliwa, kadi ya treni ya mwanafunzi haikubaliwi. Msiniulize mantiki. Asiye na kitambulisho chochote anaweza kuomba hati maalumu ya kupigia kura, na ni bure.

Mwaka 2022, chini ya theluthi ya wapiga kura wa Birmingham ndio waliojitokeza. Kwenye kata nyingi maana yake ni kwamba ukumbi mmoja wa harusi zetu ungetosha kubadilisha matokeo. Na mnajua wenyewe tunavyojaza kumbi za harusi, tena kwa kuchelewa. Ila vituo vinafungwa saa nne usiku kwa saa zetu za Kiswahili, hakuna kusubiriana.

Wikendi hii kaa na mzazi wako, fungua simu, mwandikishe. Kisha mtafuteni diwani wenu kwa jina. Wiki ijayo mniletee alichojibu kuhusu mapipa.